Kitanda Kinachoning'inia Jabalini



Muhula uliopita kitabu kimoja cha picha kilizunguka bwenini kwetu, mkono kwa mkono, hata kikanifikia mimi kikiwa kimekunjika pembe. Katika ukurasa mmoja palikuwa na picha ya mtu aliyelala kitandani. Hilo si ajabu. Ajabu ni mahali kitanda chenyewe kilipokuwa. Kilikuwa kimeangikwa katika ukuta wa jabali; chini yake hapakuwa na sakafu wala matendegu, ila hewa tupu, na chini kabisa ilionekana miti mikubwa, midogo machoni kama mashina ya mchaichai.

Picha hiyo ilizusha ubishi mkubwa. Mmoja wetu alisema mtu yule ni mwendawazimu. Wa pili alisema picha ni ya hila, hakuna mtu awezaye kulala hapo. Wa tatu, mdogo kuliko wote, aliuliza, “Na kamba ikikatika je?” Wakubwa walimcheka. Lakini mimi naona kwamba yule mdogo ndiye aliyeuliza swali la maana, na makala hii ni jibu langu kwake. Nataka kueleza jinsi kitanda cha namna ile kinavyoundwa, ni vitu gani vinavyochaguliwa na kwa nini, na sisi tusiopanda majabali tunaweza kujifunza nini.

Twajua machela

Sisi wa Bugarama ni watu wa tambarare. Mahali pa chini kabisa katika nchi ya Rwanda ni hapa kwetu kando ya mto Rusizi, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Tuna mpunga, tuna joto, tuna majirani wa Burundi na Kongo ng'ambo ya mito. Majabali marefu ya kupandwa kwa kamba hatuna. Walakini kitanda kinachoning'inia twakijua sana. Ni machela, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa ingobyi. Katika vilima vilivyo juu ya tambarare yetu, mahali gari lisipofika, mgonjwa hulazwa katika machela na watu wanne huichukua mabegani mpaka barabarani.

Nitasimulia habari moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano, mama yangu mdogo alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa mvua, akiwa nyumbani kwake kilimani. Vijana tulikwenda kumchukua. Machela ya pale mtaani ilikuwa na miti miwili mipya, mizuri, minene; tuliisifu. Tulipokuwa tukitaka kuondoka, mzee mmoja jirani alituzuia. Alitoa ukanda mpana wa turubai, akaupitisha chini ya mgonjwa, akaufunga kwenye miti yote miwili, mbali na kamba za machela yenyewe. Tuliona anapoteza wakati. Nilimwambia, “Babu, tutachelewa.” Akajibu, “Mjukuu wangu, anayechelewa ni yule aangukaye.”

Tulipofika nusu ya njia, penye mteremko wenye utelezi, kamba ya pembeni ilikatika. Haikukatikia katikati, ila pale ilipozungushwa mtini, mahali ilipokuwa imeoza kwa maji na kulika kwa kusuguana. Kitambaa kikafunguka upande mmoja. Mama mdogo alishuka kiasi cha shubiri moja, akabaki amekaa katika ule ukanda wa mzee. Tulifunga kamba upya, tukaendelea. Mtoto alizaliwa salama kabla ya alfajiri, na sasa anakimbia uani.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Usiku ule niliona kwa macho yangu kwamba miti yetu minene haikutusaidia kitu, maana haikuwa mahali pabovu. Basi nilipoiona ile picha bwenini nilitazama kwanza pembe za kitanda.

Kwa nini watu hulala ukutani

Kuna kuta za mwamba ambazo haziwezi kupandwa kwa siku moja. Huko California, nchini Marekani, katika bonde la Yosemite, kuna jabali liitwalo El Capitan ambalo kimo chake ni mita 900 hivi. Lilipandwa mara ya kwanza mwaka wa 1958 na Warren Harding pamoja na wenzake Wayne Merry na George Whitmore. Kazi ile ilichukua siku zaidi ya 40 za kupanda, zilizogawanywa katika muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Katika safari ndefu namna hiyo mpandaji hulala pale usiku unapomkutia, na pengine hapana hata ukingo wa kuweka nyayo mbili.

Hapo kwanza wapandaji walilala katika bembea za kitambaa zilizoangikwa mwambani. Bembea ni nyepesi na hukunjwa ikawa kama furushi dogo, lakini ina ubaya wake. Uzito wa mtu huvuta kitambaa chini, na kingo zake mbili hukaribiana, hata mabega yakabanwa usiku kucha. Tena upande mmoja hugongana na jabali. Mwaka wa 1970 Harding na Dean Caldwell walikaa siku 27 katika El Capitan wakilala katika bembea za namna hiyo, na mvua iliwalowesha humo humo ndani.

Ndipo watu wakafikiri kukipa kitambaa kiunzi, yaani miti ya pembeni ya kukizuia kisijikunje. Hapo bembea ikawa kitanda. Hatua hiyo ni ndogo kuisema, lakini ilileta maswali mapya, maana kila kinachoongezwa huongeza uzito, na kila kiungo ni mahali pengine panapoweza kuwa pabovu.

Mfano wa Mlima Kenya

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Marekani tu. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki Mlima Kenya una vilele viwili vya mwamba mtupu, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188. Mwaka wa 1899 Halford Mackinder na viongozi wake wawili wa milimani, César Ollier na Joseph Brocherel, walipofika Batian mara ya kwanza, walikuwa wamelala usiku mmoja mwambani njiani. Usiku wa ikweta ni wa saa kumi na mbili, na huko juu maji huganda.

Mwaka wa 1970 ulionyesha wazi thamani ya mahali pa kulala katika mlima ule. Mwezi wa Septemba Mwaustria mmoja, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu. Mwenzake Oswald Oelz, aliyekuwa daktari, alimtunza pale pale juu. Waokoaji walipanda kutoka chini, na wengine waliletwa kwa ndege kutoka Innsbruck nchini Austria. Rubani mmoja Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka katika kazi ya kuwasaidia. Judmaier alikaa mwambani zaidi ya juma moja kabla ya kuteremshwa, akapona.

Mwaka huo huo Ian Howell alijenga kibanda kidogo juu ya kilele cha Nelion. Vipande vyake vilidondoshwa kwa ndege juu ya barafu ya Lewis, kisha Howell akavipandisha mwenyewe mgongoni, peke yake, kwa safari 13. Kibanda ni cha bati la alumini. Kwa nini alumini? Mwenye kubeba nyumba mgongoni hadi mita 5,188 hatauliza kwanza ni kitu gani kigumu kuliko vyote duniani. Atauliza ni kipi kitamtosha kwa ugumu na kumfaa kwa wepesi. Swali hilo hilo ndilo la mwenye kuunda kitanda cha jabalini.

Sehemu za kitanda

Wenzetu wa pwani wana majina mazuri ya sehemu za kitanda cha kamba, nami nitayatumia. Miti miwili mirefu ya ubavuni huitwa mifumbati. Miti miwili mifupi ya kichwani na miguuni huitwa vitakizo. Kusuka au kuvuta kamba na kitambaa juu ya kiunzi ni kuwamba kitanda. Kitanda cha jabalini kina hayo yote. Kinachokosa ni matendegu, yaani miguu, na mahali pa matendegu pana mikanda ambayo aghalabu ni sita, inayopanda juu na kukutana penye pete moja ya chuma. Juu ya vyote hufunikwa kifuniko cha kuzuia mvua. Kitanda cha watu wawili huwa na urefu wa mita mbili hivi na upana wa mita moja na robo hivi. Asubuhi kiunzi hufunguliwa vipande vipande, huingizwa mfukoni na kuvutwa juu kwa kamba.

Tuzitazame sehemu hizo moja moja.

Kiunzi

Mti wa kwanza ambao mtu wa kwetu angeufikiria ni mwanzi. Mwanzi ni mwepesi sana na hupinda bila kuvunjika upesi. Lakini hupasuka kwa urefu wake pale unapotobolewa au kubanwa, na kitanda hubanwa hasa penye viungo. Chuma cha pua ni kigumu, lakini ni kizito mno: ujazo ule ule wa chuma una uzito wa karibu mara tatu ya alumini. Nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ni nyepesi na ngumu ajabu, lakini zikigongwa na jiwe huweza kupata ufa usioonekana, kisha zikavunjika ghafula. Kwa sababu hizo viunzi vingi ni vya mabomba ya alumini iliyochanganywa na magnesi na silikoni kidogo, kisha ikatiwa moto na kupozwa kwa utaratibu ili iwe ngumu.

Hapa nataka msomaji aangalie jambo moja ambalo wengi hawalijui. Alumini ina theluthi ya uzito wa chuma, lakini ina theluthi ya ugumu wake pia katika kukataa kupinda. Basi faida iko wapi? Iko katika upana wa bomba. Ukiwa na mabomba mawili ya kitu kimoja, yenye ukuta wa unene mmoja, lakini kipenyo cha moja ni mara mbili ya kipenyo cha lingine, lile pana litakuwa na uzito mara mbili tu, na kukataa kwake kupinda kutakuwa mara nane hivi. Kwa hiyo fundi huchukua alumini, kisha hutumia wepesi wake kulipanua bomba. Hata mwanzi umeumbwa hivyo: mpana, mtupu ndani, wenye ukuta mwembamba.

Kuna kikomo lakini. Ukuta ukizidi kuwa mwembamba, bomba hubonyea kama kopo la maziwa likanyagwapo.

Pembe ndizo zenye hatari zaidi, kama zilivyokuwa katika machela yetu. Fundi akiunga pembe kwa kuchomea, moto wa kuchomea huiharibu ile alumini iliyotiwa ugumu, na mahali pale hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, isipokuwa kiunzi kizima kitiwe moto upya kwa utaratibu ule wa kwanza. Njia nyingine ni kulikunja bomba lenyewe kwenye pembe, na kuweka kiungo mbali kidogo, katika sehemu iliyonyoka, ambapo bomba moja huingia ndani ya lingine. Kiungo kiingie kwa kina cha kutosha. Upepo ukikirusha kitanda juu na kukishusha, kiungo kifupi huchomoka, na kitanda hujifunga kama mkasi pamoja na mwenye kulala.

Kitambaa

Kitambaa kiwambwe kwa kukaza au kwa kulegeza? Kikilegea, watu wawili watavingirika na kukutana katikati kama viazi katika gunia. Kikikazwa sana hutokea jambo lingine, ambalo unaweza kulijaribu leo hii. Chukua kamba, ushike ncha moja, rafiki yako ashike nyingine, na katikati yaangikwe ndoo ya maji. Mkisimama karibu, ndoo hubebwa kwa urahisi. Sasa rudini nyuma, mkijaribu kuinyosha kamba iwe sawa kabisa. Hamtaweza. Kadiri kamba inavyokaribia kunyoka ndivyo inavyowavuta ninyi wawili ndani.

Hesabu yake ni hii. Mzigo wa kilo 80 ukiangikwa kwa kamba mbili zilizosimama wima, kila kamba hubeba kilo 40. Kamba zikilala hata kila moja ikawa na nyuzi 60 kutoka katika wima, kila moja hubeba kilo 80. Zikilala zaidi, nyuzi 80 kutoka katika wima, kila moja huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 230. Mzigo haukuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni pembe tu.

Ndivyo kitambaa kilichokazwa kinavyoivuta mifumbati ndani. Kwa ajili hiyo kitanda cha watu wawili hutiwa mti wa kati, unaokingama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kuizuia mifumbati isikaribiane. Mti huo huongeza uzito, lakini bila huo mifumbati ingepaswa kuwa minene zaidi na mizito zaidi.

Sasa kitambaa cha namna gani? Turubai la pamba likilowa huvimba na kukaza, lakini ni zito, na likikaa na unyevu huoza. Nailoni, iliyovumbuliwa na Wallace Carothers na wenzake mwaka wa 1935, ina nguvu nyingi na hukataa kuchanika, lakini hunywa maji kidogo, na inapolowa hurefuka. Kilichokazwa mchana hulegea usiku. Poliesta, iliyovumbuliwa Uingereza na Whinfield na Dickson mwaka wa 1941, hunywa maji machache sana, hairefuki sana, na hustahimili jua kuliko nailoni. Fundi mwenye akili huweza kutumia kimoja penye kusuguana na kingine penye kukazwa. Kingo na pembe, ambazo hugusa mwamba usiku kucha, hufunikwa kwa kitambaa kizito cha pili, ili jiwe lile kile cha nje kabla ya kukifikia kinachobeba mtu.

Mikanda

Hesabu ile ya ndoo ndiyo inayotuambia pia mikanda iwe na urefu gani. Mikanda mifupi hulala, na iliyolala huvutwa kwa nguvu nyingi, tena huibana mifumbati na vitakizo ndani. Mikanda mirefu husimama karibu na wima, na kila kitu hupata nafuu. Lakini mikanda mirefu mno hukifanya kifuniko kiwe kikubwa, na kifuniko kikubwa hushika upepo. Basi fundi hutafuta kati na kati.

Katani haifai kwa kazi hii, ingawa ni kamba tuliyoizoea. Zao hilo lililetwa Tanganyika mwaka wa 1893 na Richard Hindorf, likatajirisha mashamba ya Tanga. Ni kamba nzuri ya kufungia mzigo mkavu. Lakini maji huiozesha kutoka ndani, na kwa nje huonekana nzima. Kamba iliyokatika katika machela yetu ilikuwa katani. Mikanda ya jabalini hufumwa kwa nailoni au poliesta, na hutiwa bizimu ili kila mmoja uweze kurefushwa au kufupishwa, maana jabali halina usawa, na kitanda kisiposawazishwa mtu hulala kichwa chini. Bizimu nayo ichaguliwe kwa kujaribiwa ikiwa imelowa. Nyingine hushika vizuri zikiwa kavu, kisha huteleza kidogo kidogo usiku.

Lingine la kukumbuka ni moto. Nailoni huyeyuka. Hata kamba mbili za nailoni zikisuguana kwa nguvu mahali pamoja huweza kukatana kwa joto la msuguano wenyewe. Jiko la kupikia chai ndani ya kitanda liangaliwe kama nyoka.

Kifuniko

Kifuniko ndicho kinachoamua kama mtu ataamka au hataamka. Katika tufani baridi huua walio wengi kabla ya kuanguka. Mnamo Machi 1986 John Middendorf na wenzake wawili walikuwa katika jabali la Half Dome, huko huko Yosemite, tufani ikawakuta. Vitanda vyao havikuistahimili; walilowa, wakakaribia kufa, wakaokolewa kwa helikopta. Baada ya mkasa huo Middendorf alijitia katika kazi ya kuunda vitanda vilivyo imara kuliko vile, na mwaka wa 1992 yeye na Xaver Bongard walipanda ukuta mkubwa wa Great Trango Tower, nchini Pakistan. Mtu aliyelala katika kitanda kibovu alijua ni nini cha kurekebisha.

Kifuniko kizuri kina mishono iliyozibwa kwa gundi, maana maji hupita katika tundu za sindano. Kinashuka chini kuliko kitanda, kwa kuwa ukutani mvua haiji kutoka juu peke yake. Maji huteremka kwenye mwamba na kuingia kwa nyuma, na upepo huweza kuileta mvua kutoka chini. Kiwe na tundu la kupumulia, kwa sababu pumzi za watu wawili usiku mzima hugeuka maji na kuwalowesha kama mvua. Na kitanda chenyewe kifungwe kwa kamba upande wa chini, kisirushwe na upepo unaopanda. Kiwe pia cha rangi kali, nyekundu au manjano, ili waokoaji wakione kwa mbali.

Jibu la swali

Sasa narudi kwa yule ndugu yetu mdogo. Aliuliza, kamba ikikatika je? Jibu ni kwamba mpandaji mwenye akili hakitegemei kitanda kumshika. Hulala akiwa amevaa mikanda ya kiunoni na mapajani, na kutoka hapo kamba nyingine hupanda moja kwa moja hadi kwenye mashikizo yaliyotiwa mwambani, bila kupitia kitandani. Mashikizo yenyewe si moja, ni mawili au matatu. Kitanda kikivunjika chote kikaanguka, yeye atabaki ananing'inia, amekasirika, amelowa, lakini yu hai. Kitanda ni cha kumpumzisha. Kamba ile ya pili ndiyo ya kumlinda.

Mnaona, basi, kwamba mzee wetu wa kilimani, ambaye hakuwahi kusikia habari za El Capitan, alijua kanuni ile ile. Ukanda wake wa turubai haukufungwa kwenye kamba za machela. Ulifungwa kwenye miti. Angeufunga kwenye zile kamba, ungeanguka pamoja nazo.

Kwa hiyo nasema kwamba kuchagua vitu vya kuundia si kutafuta kilicho bora kuliko vyote. Kwanza tafuta pabovu ni wapi, ukaparekebishe, kisha utafute pabovu papya, maana pako daima. Mwishowe, ukiisha kufanya yote uwezayo, chukulia kwamba umekosea mahali fulani, ukaweke kitu cha pili kisichotegemea cha kwanza.

Mwalimu wetu wa fizikia amekubali sisi wa darasa la mwisho tuunde machela moja kwa ajili ya mtaa ulio juu ya shule. Miti itakuwa ya kwetu. Mikanda tunataka iwe ya poliesta, pembe zifunikwe kwa turubai maradufu, na ukanda wa pili ufungwe kwenye miti kama alivyofanya mzee. Hatutampa mtu yeyote mpaka tumeijaribu hivi: tutaimwagia maji, tutaipakia magunia mawili ya mpunga ya kilo 50 kila moja, tutaiacha ikining'inia usiku kucha, na asubuhi wanne wetu tutaichukua mbio mteremkoni. Kisha tutakata kamba moja ya pembeni kwa kisu, makusudi, tuone kama magunia yatabaki.

Ndugu zetu mliomaliza shule, mlio Kigali, Bukavu, Bujumbura na kwingineko, mkiwa na mikanda ya lori iliyotumika lakini bado mizima, twaiomba. Ikague kwanza penye kingo na penye bizimu, ndipo uitume.